Mtambo Uliojifunza Kulala

Pale kwenye kituo cha umeme wa gesi wote walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja kazini. Jina alilipata kwa mdomo wake. Ukichelewa zamu, alikuuliza kama ulikuwa unatafutiwa mchumba. Ukiacha spana sakafuni, ulirudishiwa pamoja na maswali kuhusu malezi yako. Alikuwa mkuu wa zamu, mnene wa sauti na mwepesi wa miguu, na ujana wake ulikuwa umeishia mbele ya mtambo mmoja mkubwa kama nyumba, uliokuwa ukinguruma mwaka hadi mwaka. Fahari yake ilikuwa moja tu: katika zamu yake, mtambo haukuwahi kuzimika.

Sasa fikiria yaliyomkuta siku mhandisi wa mipango alipokuja na ramani zake. Alikuwa mtu mpole, miwani kaifunga kwa uzi shingoni. Aliwaeleza kwamba umeme wa kila siku utatoka kwenye paneli za jua kule uwandani na kwenye mapanga ya upepo mlimani, na mabetri makubwa yatavusha jioni. Gesi itapumzika.

"Kwa hiyo mnatufanya walinzi wa maiti," alisema Shangazi.

"Hapana, Shangazi. Sitaki tena umeme wenu wa kila siku, nataka ahadi yenu. Jua likijificha na upepo ukinuna, niwaite, mje upesi. Mkifaulu msimu huu wa mvua, kile kituo cha makaa ya mawe tunakifunga. Mkishindwa, kinabaki kuwa akiba."

Hapo Shangazi akasogea karibu na ramani. Nyumba ya mama yake ilikuwa chini ya bomba la moshi la kituo hicho cha makaa. Bi mkubwa alikuwa akikohoa tangu wajukuu wake hawajazaliwa, na mashuka yake meupe ya harusi hayakuwahi kuanikwa nje, kwani hata kitambaa cha jikoni kilirudi kutoka kambani na weusi wa masizi. Kuhama alikataa katakata. "Mimi nilitangulia kufika hapa," alisema. "Moshi ndio uhame."

Lakini jasiri haachi asili. Jua lilipowaka na amri ya kuzima ilipokuja, Shangazi aliwaambia vijana wake waupunguze mtambo, wasiuzime kabisa. "Uacheni uchemke kidogo," alisema. "Ukipoa utatuaibisha." Wote wakaona ni busara. Wakawa wanachoma gesi mchana kweupe, bila kumwangazia mtu, ili mradi wausikie ukivuma.

Mhandisi akaja bila kupiga hodi. Alisimama uani, akatazama hewa ya moto ikicheza juu ya bomba.

"Shangazi, jua lote hili, mnapika nini?"

"Tunajiandaa."

"Mnaogopa. Mtambo usiothubutu kuzimwa si akiba. Na gesi nayo ina moshi wake, hata kama hauuoni. Kama hamwezi kuuzima, sina sababu ya kuyafunga makaa."

Shangazi akawaka kama moto wa kifuu. Alimwambia yote, pamoja na yale ambayo hata adui hastahili kuambiwa. Mhandisi akavaa kofia yake, akamtakia siku njema, akaondoka, na upole huo ndio uliomuuma.

Jioni alimmwagia mumewe manung'uniko yake yote. Mume huyo alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa maneno machache. Alisikiliza huku akimenya viazi.

"Mke wangu, gari langu lisipokuwa na mgonjwa, mimi hulifanyaje?"

"Si unalizima."

"Na simu ikilia?"

"Unaliwasha. Unataka kusema nini?"

"Ningeliacha lingurume kutwa, mgonjwa angekuta tangi tupu. Mimi kila asubuhi naliwasha, nalisikiliza, nalizima. Basi. Nashinda nimekaa, na hakuna aliyewahi kuniita mvivu."

Shangazi alimwambia aache kujifanya mwalimu, amenye viazi. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia.

Kesho yake aliwakusanya watu wake. "Nimekosea," alisema, na wengine walitazamana maana neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. "Uzimeni wote. Upoe mpaka niuguse kwa kiganja."

Walipojaribu kuuwasha ukiwa baridi, haukuwaka. Vali moja ya gesi ilikuwa inakwama. Ugonjwa huo ulikuwemo siku zote, ila hawakuujua kwa kuwa mtambo haukuwahi kupoa. Shangazi alijiuliza: ingekuwaje kama wangeendelea kuuchemsha, kisha uzimike wenyewe siku ya haja? Fundi aliibadilisha vali, na tangu hapo ikawa desturi: kila asubuhi wanawasha, wanasikiliza, wanazima.

Siku yenyewe ilikuja katikati ya masika, baada ya chakula cha mchana. Wingu jeusi lilifunika uwanda wote, na mlimani mapanga yakasimama. Mabetri yakaubeba mzigo wa mji, lakini yalikuwa yakipungua. Simu ikalia. Kule kwenye makaa walikuwa wameshapanga makaa tanurini, wanangoja tu kusikia kwamba gesi imeshindwa.

"Kaeni chonjo," alisema Shangazi, kisha akatoa amri.

Mtambo ukazunguka mtupu, bila moto bado, ukifukuza hewa iliyobaki ndani. Kisha moto ukashika, mvumo ukapanda kutoka sakafuni hadi kwenye meno yao, na mshale wa kipimo ukasimama mahali pake. Wakauunganisha na gridi ya taifa. Hakuna taa iliyopepesa mjini. Chumba kizima kikalipuka kwa vigelegele, na Shangazi akaruka juu akisahau magoti yake.

Mawingu yaligoma kuondoka kesho yake na kesho kutwa, nao wakaendelea bila kuteleza. Tanuri za makaa hazikuitwa. Jua liliporudi, Shangazi aliuzima mtambo kwa mkono wake mwenyewe, na watu wake wakaupigia makofi ukimya. Masika yalipokwisha bila wao kushindwa, mhandisi alipiga simu. "Shangazi, makaa tumeyafunga," alisema.

Kiangazi kilipokolea, Shangazi alikwenda kumwona mama yake. Bomba la makaa lilikuwa limesimama bila hata uzi wa moshi. Uani, kambani, mashuka ya harusi yalikuwa yanapepea, meupe pe.

"Leo mmefanya kazi gani huko kwenu?" bi mkubwa aliuliza, bila kukohoa.

"Hakuna, mama. Leo tumelala."

Bi mkubwa alilishika pindo la shuka, akaligeuza upande wa pili, akalitazama sana.

"Basi laleni, mwanangu," alisema. "Laleni."