Fundi Kimya na Mlango Unaokwaruza

Kaka yangu alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi Kimya. Jina lilikuwa la milango yake, maana yeye mwenyewe alipiga domo tangu asubuhi mpaka randa inapowekwa chini. Mlango alioutia yeye uliusukuma kwa kidole kimoja, ukaenda wenyewe, ukatulia kwenye fremu kama mtoto aliyelazwa. Mlango unaokwaruza sakafu, alisema, ni aibu ya ukoo.

Kwa mlango wa namna hiyo alimfukuza kazini msaidizi wake, mtu mzima mwenye mke, mwembamba hata tukamwita Msumari. Alimwambia mbele ya wateja akatengeneze mabanda ya kuku, kwa kuwa kuku hawana masikio ya kusikia mlango ukilia. Neno lile lilimchoma. Msumari akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, na tangu hapo hawakusalimiana.

Kisha ikatoka Amri ya Mlango Wazi. Ilibandikwa dukani, shuleni, zahanatini: mwananchi mwema hana haja ya kujifungia ndani, na asiye na la kuficha hafungi. Ukitoka kwenda kazini uliruhusiwa kufunga kwa nje, ufunguo mwingine ukae ofisini kwa Walezi wa Mtaa. Lakini makomeo ya ndani yote yang'olewe. Na ayang'oe nani? Mafundi. Kaka alipewa upande wetu wa barabara, Msumari upande wa pili. Nilimwona kaka akipita nyumba hadi nyumba na bisibisi yake, makomeo aliyoyatia kwa mkono wake yakigongana ndani ya gunia. Ndipo alipoacha kuzungumza. Jina likamshika na yeye.

Mimi ni mjane, nina chumba kimoja. Mlango ukifunguka, umeniona mimi na kila nilicho nacho. Mlezi wa safu yetu watu walimwita Bilahodi, maana tangu siku ya amri ile neno hodi lilimpotea kinywani. Nisimsingizie, hakunigusa. Lakini aliingia. Aliingia nikiwa navaa, akavuta kiti, akatazama dirishani, akangoja nimalize. Siku nyingine aliingia nimepiga magoti naomba. Akasimama nyuma yangu mpaka nikasema amina, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kwa nini nimemtaja kwa Mungu mwana wa jirani aliyechukuliwa. Toka hapo nikawa nasali macho wazi, nimeukodolea mlango. Sala ya hivyo haipandi, inaishia darini.

Nilimweleza kaka. Aliinama akapitisha kiganja chini ya mlango wangu, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Kesho yake alikuja mchana kweupe na sanduku la vifaa, akisema bawaba imeota kutu. Aliilegeza bawaba ya juu, akaisukumia nje kwa kipande cha bati, mlango ukainama upande wa mkono wa kufungulia. Halafu akachimba sakafuni, pale pembe ya mlango inapofikia, kibonde kidogo cha kutosha ncha ya kidole. Alipoufunga, mlango ulikwaruza ukapiga kelele, ukaanguka kibondeni, ukakwama. Mimi wa ndani nilijua: nyanyua mkono wa mlango kwanza, ndipo uvute. Asiyejua angesukuma mpaka bega limuume.

"Mdogo wangu, hili si komeo," aliniambia. "Hapa hapana chuma wala kijiti. Ni mlango mbovu tu, na amri haikukataza mlango mbovu."

"Na jina lako, kaka?"

"Jina langu halilali chumbani mwako."

Haukuwa ulinzi mkubwa. Ulinipa muda wa kujifunika, au wa kufuta machozi, au wa kufika kwenye amina. Basi. Lakini jirani akauona akataka wake uharibiwe, na mwenzake akataka wake, hata asubuhi safu yetu ikawa inanguruma kama tumbo la mwenye njaa. Waliojua siri ndio waliomcheka kaka kwa sauti kubwa zaidi, ili wasioijua wasikie. Muuza mkaa alimpigia kelele barabarani kwamba milango yake siku hizi inaita watu kwa majina. Kaka akatabasamu, akapita. Mteja mgeni hakuja tena.

Bilahodi naye alisukuma mlango wangu, akausukuma tena, akatia bega. Ulipofunguka akanikuta nimeketi, nimevaa, nachambua mboga. Alitoka akaujaribu mlango wa jirani, na wa pili yake. Hakuwa mjinga yule.

Asubuhi moja walikuja. Bilahodi alikuwa na mkuu wao, mtu mnene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho, na nyuma yao alikuwa Msumari na sanduku lake. Kaka naye aliletwa, ameshikwa mkono. Tukaamriwa sote tusimame nje. Mkuu akasema mlango mmoja mbovu ni bahati mbaya, lakini safu nzima ni shauri la watu. Fundi mwingine ataukagua wa kwangu. Akikuta umeharibiwa makusudi, kaka atakwenda Nyumba ya Malezi. Tuliwajua walioingia huko. Aliyetoka hatukumjua hata mmoja.

Msumari akapiga goti mlangoni kwangu. Ukimkabidhi kisu uliyemtukana, unangoja nini?

Aliufungua mlango, akaufunga, akausikiliza. Akaipapasa bawaba ya juu mpaka kidole kikafika kwenye bati. Kutia bati nyuma ya bawaba alifundishwa na nani kama si kaka? Kisha akashuka sakafuni. Kidole kikaingia kibondeni, kikakaa humo. Shingo yake ikasimama. Akainua uso akamtazama kaka, na kaka akatazama vumbi. Mimi nikaomba, macho wazi, mdomo umefumbwa.

Msumari aliinuka, akajipangusa mikono, akacheka.

"Mzee, mimi ulinifukuza kwa mlango uliokwaruza mara moja. Na huu je? Ama siku hizi unawatengenezea kuku?"

Watu wakacheka.

"Mkuu, msimtafutie huyu akili asizo nazo," Msumari akaendelea. "Macho yamekwisha, mkono unatetemeka. Bati ameweka kuficha bawaba iliyochakaa, na sakafu imeliwa na mlango wenyewe. Huyu si wa kufungwa. Ni wa kunyang'anywa randa."

Hata mkuu alicheka. Bilahodi hakucheka. Alisema vizuri, basi itengenezwe sasa hivi, safu nzima, wote wakiona.

Msumari alijikuna kidevu. Akasema yeye yuko tayari, ila nyumba zimetitia na fremu zote zimepinda. Akiparua leo, mvua ikinyesha mbao zitavimba na milango itakwama upya. Wamletee mbao za fremu mpya, aanze hata leo. Mkuu akamgeukia Bilahodi akamuuliza mbao ziko wapi. Bilahodi akatazama viatu vyake. Mbao serikalini zilikuwa zimekwisha zamani, hata shuleni watoto walikalia matofali badala ya madawati.

Hivyo milango ikabaki. Kaka akanyang'anywa kibali cha useremala palepale, na mkuu akaamuru randa yake apewe Msumari. Kaka alimkabidhi kwa mikono miwili. Msumari aliipokea vilevile, akaondoka bila kuaga.

Sasa kaka anachonga miiko, kazi isiyotaka kibali, akiwa ameketi kivulini mwa ukuta wangu. Na Msumari bado hawasalimiani. Salamu ingeleta maswali. Lakini juzi asubuhi tulisikia ng'ambo ya barabara mlango ukikwaruza, kisha mwingine, kisha wa tatu. Kaka aliacha kuchonga, akatega sikio muda mrefu.

"Kibonde amekichimba kirefu mno," alisema. "Nilimwambia siku zote, yule hana subira."

Akaanza kuzungumza, na hakunyamaza mpaka mboga zikaiva.