Alfajiri Dalili Alipoinua Mikono

Jamani, acheni tu! Alfajiri ile hata wale mabingwa wa kusinzia safuni macho yaliwatoka pima.

Mwenyewe wa kisa hiki ni seremala, na vijana wenzake wa kikundi cha msikiti walimpachika jina la Dalili, maana kila ukifungua mdomo, yeye yuko na "dalili iko wapi?", yaani aya au hadithi ya kuthibitisha. Kusoma amesoma, hilo tusimnyime. Ila ulimi wake ulikuwa kama randa, haubakizi ubao.

Siku moja darasani akatangaza kwamba kunuti, ile dua ya kuinua mikono kwenye sala ya alfajiri, ni uzushi, na anayeisoma anajichosha bure. Mlangoni alikuwa amekaa mjomba wake, aliyemlea, akamfundisha useremala na hiyo kunuti yenyewe. Alichukua viatu vyake akaenda zake, na wiki tatu hakukanyaga msikitini wala kwenye karakana yao. Kikundi nacho kikapasuka: wa kunuti huku, wasio na kunuti kule, salamu za shingo upande. Dalili akabaki anapiga misumari peke yake, moyo unamuuma. Mwishowe akaenda kubisha hodi.

"Mjomba, kesho njoo tusali."

"Mimi? Si najichosha bure?"

Akarudi kichwa chini. Kumbe kesho yake, imamu anaumwa, vijana wanasukumana "tangulia wewe", "aka, wewe!", mara mjomba huyo anaingia, anasimama safu ya kwanza! Wakamtanguliza Dalili asalishe.

Rakaa ya pili akainuka kutoka kwenye rukuu, kule kuinama. Kwa mahubiri yake, hapo ni kwenda kusujudu moja kwa moja. Safu nzima roho juu. Dalili akainua mikono.

Wallahi, akaanza kunuti! "Amin" zikapokewa, za huku na za kule. Halafu, lo, akakwama! Miaka sita bila kuisoma si mchezo. Masikio yanamwaka moto. Ndipo sauti nzito nyuma yake ikamtajia neno, taratibu, naye akalidaka akaenda nalo mpaka mwisho, machozi yanamtiririka.

Baada ya salamu wakamzonga. "Umebadili msimamo?"

"Nilichosoma ndicho nilichosoma," akasema. "Lakini kugawana safu kwa ajili ya dua, mimi simo tena."

Mjomba alikuwa anavaa viatu. "Neno hilohilo lilimkwamisha akiwa na miaka saba," akawaambia vijana, kisha akamgeukia. "Haya, karakana umefungua, au mpaka nikupe dalili?"