Majivu Yaliyogeuka Meupe

Mi nawaambieni ukweli, hadi leo nikipita mbele ya parokia yetu hapa Kolwezi nageuza uso, najifanya naangalia ng'ambo ya barabara, maana aibu niliyoipata mle ndani siku ya Jumatano ya Majivu haijaisha, na niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Nilikuwa sakristano, mtunza vyombo vya misa, tena katekista, na kijana mwenye kiburi (siwafichi). Ulikuwa mwaka ule mbaya, mgodi umekufa, mishahara hakuna, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, majirani tuliokua nao, wamefukuzwa majumbani na kurundikana gare, kituo cha reli, wakingoja treni siku baada ya siku. Sisi tuliobaki tuliendelea kusali tu. Na mi Jumapili nilifundisha watoto kwamba pemba, ule udongo mweupe ambao wazee walijipaka kwa heshima ya mizimu, ni uchafu wa shetani.

Sasa, majivu ya siku ile hutokana na matawi ya Jumapili ya Mitende ya mwaka uliopita, unayachoma. Asubuhi nafungua sanduku, nakuta mchwa wamekula yote, limebaki tope. Padri keshavaa, watu wanaingia. Ningesema tu, "Padri, majivu sina," yangeisha. Lakini niliona haya (haya gani, ukilinganisha na yaliyonijia baadaye!), nikatokea mlango wa nyuma hadi nyumba ya Mama Mbuyi, mmoja wa wale wa Kasai, iliyopakana na kanisa, tupu tangu wamfukuze, mlango umevunjwa. Nilitaka majivu ya mbabula, jiko lake la makaa. Ndani mlikuwa na giza la mvua, na kando ya mbabula palikuwa na kibakuli kimefunikwa kitambaa, ndani unga laini, wa kijivu machoni pangu. Nikasema moyoni, majivu ni majivu. Nikabeba.

Padri akautia maji ya baraka, akatupaka msalaba mmoja mmoja: "Kumbuka wewe ni mavumbi." Ukiwa umelowa ulikuwa kijivu kabisa. Shida ilianza ulipokauka. Nilikuwa mbele nasoma maombi ya waamini, nainua macho, naona paji la mzee mmoja wa benchi la kwanza linaanza kuwa jeupe, halafu la jirani yake, halafu benchi la pili, weupe unatambaa kwenda nyuma, mpaka kanisa zima likawa linanitazama kwa mapaji meupe pe, kama wafu waliokuja kusikiliza. Nikaacha kusoma katikati ya ombi.

Bibi mmoja, Nkambo Ngoie, mama wa rozari wa kila siku, akagusa paji lake, akakitazama kidole. Akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kama vikombe, jinsi walivyosalimiwa wakubwa wa kale. Pa. Pa. Pa. Wazee wengine wakafuata, pigo moja, bila kutazamana.

"Nkambo, unafanya nini?" nikanong'ona.

"Banakuya," akasema, yaani wamekuja. "Batu ba zamani banakuya. Acha kelele, katekista."

Ndipo mlango ukafunguka. Alikuwa Mama Mbuyi mwenyewe, tope hadi magotini, na mapacha wake waliozaliwa kule gare, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Akatutazama mapaji, benchi kwa benchi.

"Nimekuya kukamata pemba ya mama yangu," akasema, "ya kupakala batoto ba mapasa. Nimefika mu nyumba, hakuna. Nani alikamata?"

Wengine pale walisimama wakitazama siku mlango wake ulipovunjwa, na sasa wote wamevaa weupe wake. Padri akanigeukia. "Sakristano?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Ni mi, mama. Nilizani ni majivu." Mtu huko nyuma akacheka, akaacha ghafla.

Padri akashuka altareni, akampa kibakuli kwa mikono miwili. "Mama," akasema, "hata majivu hayakuanza na sisi. Batu ba Ninawi balikaa mu majivu, na balikuwa bapagani. Bamoja banasema hata kitambaa cheupe cha ubatizo ni cha zamani kuliko ubatizo. Mi sijui yote. Lakini hii ni yako."

Mama Mbuyi akawapaka watoto palepale, paji na kifua. Kisha akanijia. Akashika ncha ya kitenge chake, akanifuta paji polepole, kama anayemfuta mtoto makamasi.

"Hii ni ya mutu wa roho safi," akasema. "We, bado."

Akatoka. Nikamaliza misa nikiwa mi peke yangu bila alama katikati ya mapaji meupe, na yale makofi hayakukoma hadi wimbo wa mwisho.

Kesho yake nilienda gare kuomba radhi. Treni ilikuwa imeondoka alfajiri; palibaki mafiga, moshi kidogo, na kiatu kimoja cha mtoto.

Ukatekista sikuuacha, nilihamia tu parokia nyingine, ila pemba siitukani tena. Na niliapa: katika nyumba ya mtu aliyefukuzwa sitachukua hata kijiko, na nikikosa kitu nitasema nimekosa, mbele za watu, mapema, hata wakinicheka.