Mikungu Iliyokuwa Ikitoka Kishanda

Ipo siku moja ya soko pale Muleba ambayo imenikaa kichwani, na sidhani kama itanitoka. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu mwezi ujao unahamia Bukoba kuanza kazi, na jana nilimsikia mama yako akikuahidi kwamba kila wiki atakutumia mkungu wa ndizi. Najua tumepishana miaka michache tu, na ukitaka kucheka nikikuita mwanangu, cheka. Lakini mimi ni shangazi yako, na kwetu shangazi hangoji kuota mvi ndipo aseme.

Nilipomaliza chuo Dar es Salaam nilipata kazi katika ofisi moja ya Bukoba. Niliuona mji huo kama mahali pa kupumzikia kidogo kabla ya safari nyingine. Unaujua ulivyo. Unashuka kilima, unapita maduka ya zamani ya Wahindi, ambao wengi wameshaondoka, na kabla hujachoka kutembea umefika ziwani. Mvua inakunyeshea mara tu ukianika nguo. Ambacho hakuna aliyeniambia ni Jumamosi. Jumamosi mji unabaki mtupu, kwa sababu kila mwenye kwao amekwenda kwao, kuzika au kupalilia. Wanaobaki ni wale ambao kwao ni mbali, na wachache kama mimi, ambao kwetu ni karibu ila tunaona uvivu.

Nilipanga chumba Hamugembe kwa Bi Salama, mama mtu mzima wa Kiislamu aliyezaliwa hapo hapo mjini. Babu yake alitoka pwani, bibi yake alikuwa Mhaya wa Maruku. Hakuwa na kibanja, shamba la migomba la ukoo, popote. Ndizi zake alinunua sokoni tangu utoto wake, na hakuona haya. Sisi ndio tunaoona haya. Mtu wa kijijini kwetu Kishanda, huko Muleba, mwenye migomba imezunguka nyumba yao, akionekana anatoka soko la Bukoba na mkungu wa kununua, watu wanaulizana kwao kumetokea nini. Kwa hiyo kila wiki bibi yako, mama yangu, alinitumia mkungu kwa gari la asubuhi, umefungwa kwa majani makavu ya migomba, nami nikaupokea stendi.

"Wewe hujahamia bado," Bi Salama alinitania kila nilipoingia nao uani. "Huku umekuja kulala tu. Kula unakula kwa mama yako."

"Basi leo nisikugawie."

"Nigawie. Nimesema wewe hujahamia, sikusema mimi sina njaa."

Mwanzoni nilikwenda nyumbani mara kwa mara. Halafu nikapunguza, halafu nikaacha. Siku hizo nilikuwa mtu wa kuhoji. Nilihoji kwa nini tunasafiri kumzika mtu tusiyemfahamu, kwa nini mwanamke mzima aulizwe na ukoo analala wapi, kwa nini wazee wakisema jambo hakuna anayewadai sababu. Mkungu peke yake sikuuhoji. Ukifika mnene, nilijua nyumbani kuko salama. Nilisikia mnyauko umeingia Muleba, kwamba migomba inageuka njano na ndizi zinaiva kabla ya wakati zikiwa zimeoza ndani. Nikampigia mama simu. "Migomba ipo," akasema. Nikaridhika, maana ndizi si nilikuwa nazipika?

Siku hiyo ya soko ofisi ilinituma Muleba. Kazi ikaisha mapema, nikapita sokoni kununua sukari niipeleke nyumbani, na hapo nikamwona mama. Alikuwa amesimama kwa muuza ndizi, akiugeuza mkungu mmoja upande huu na upande ule. Kwapani alikuwa amebana majani makavu ya migomba. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Alipokwisha kulipa alichuchumaa, akaanza kuufunga ule mkungu taratibu, kama ilivyokuwa imefungwa mikungu yote niliyopokea stendi.

Ningeweza kugeuka nikaondoka. Sikugeuka.

"Mama, unanunua ndizi?"

Sauti yangu ilikuwa kubwa. Wanawake waliokuwa wakiuza jirani wakatazama. Mama hakuinuka. Alikaza kamba, kisha akasema, "Hujaniamkia."

Nikamwamkia. Muuza ndizi, mwanamke mcheshi, akanipima juu hadi chini.

"Ndiye huyu mgonjwa wako wa Bukoba?" akamwuliza mama. "Yule asiyeweza kula kitu kingine? Mbona amenawiri kutuzidi sote?"

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Mama alikuwa amewaambia kwamba ana binti mgonjwa mjini. Angesema nini kingine? Mwanamke wa umri wake, aliyeolewa kwenye kibanja na kukitunza maisha yake yote, anachagua ndizi nzuri za sokoni kila wiki na kuzipakia kwenye gari. Alihitaji mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe ndiye huyo, amesimama na mashavu yake mbele ya watu wote.

Tukarudi pamoja Kishanda. Wakati ule wewe ulikuwa bado shuleni, mlikuwa mnaishi Mwanza na baba yako, hukuona kibanja kilivyokuwa. Migomba ilikuwa imeangukiana. Iliyobaki imesimama ilikuwa na majani yaliyonyauka na kulala juu ya shina. Nyuma ya nyumba mama alikuwa amepanda mihogo na viazi vitamu, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ungefanya nini?"

"Ningenunua ndizi zangu mwenyewe."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda kukoka moto.

Niliporudi Bukoba nilimweleza Bi Salama, nikitegemea atakuwa upande wangu. Aliniuliza jambo moja tu, kama nilimwuliza mama mbele ya watu.

"Ningenyamaza," nikamjibu, "angeendelea kula mihogo ili mimi nile ndizi."

"Angeendelea," akakubali. Akaendelea kuchambua mchele wake. "Lakini ungengoja mfike jikoni."

Miaka imepita na bado nabishana naye moyoni. Hata jikoni, swali lingekuwa lile lile, na mama angeumia. Ila ningemwachia soko lake.

Nilimpigia mama simu nikamwambia asitume tena, sasa nanunua hapa hapa mjini. Akasema sawa. Nilifikiri nimemtua mzigo. Wiki zikapita, simu zake zikapungua, na mikungu haikuja tena. Krismasi nikaenda nyumbani. Nilitaka kuingia jikoni kama zamani, akanirudisha sebuleni. Alitandika kitambaa mezani, akaniletea wali kwenye sahani ya wageni, na maji ya kunawa akanimiminia yeye.

"Mama, kwa nini wali?"

"Watu wa mjini mnakula wali."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Aliniuliza habari za kazi kama anavyomwuliza mtoto wa jirani, akanisindikiza mapema ili nisikose gari. Aliishi mwaka na kidogo baada ya hapo, na kila nilipokwenda nilikuta wali. Siku tuliyomzika pale kibanjani, wanawake walipika ndizi za kuombwa kwa majirani. Nilikula jikoni nikiwa nimekaa chini, wala hakuwepo wa kunirudisha sebuleni.

Sasa, mwanangu, baba yako aling'oa migomba yote, akaipumzisha ardhi, akapanda miche safi. Kibanja kimepona. Ndizi za kukutumia zipo. Ndiyo maana nasema leo, kabla hujaondoka, kwa sababu desturi hii ikishaanza hakuna namna ya kuikata bila kumkata mtu.

Ukihamia Bukoba, hamia. Wiki ya kwanza nenda sokoni, nunua mkungu wako, ubebe watu wakuone, wa Muleba wakikuuliza kwenu kumetokea nini waambie hakujatokea kitu. Mama yako akituma, pokea na ushukuru, lakini usiufanye mkungu kuwa habari za nyumbani. Nenda ukaone kwa macho yako, hata mvua ikinyesha, hata kama hakuna msiba. Na ukikuta kitu alichokuficha, kinywa chako kifunge mpaka mfike jikoni. Siwezi kukuahidi kwamba hutamuumiza. Huenda ningefanya yote haya na bado ningeandaliwa wali. Lakini mimi sikupata hata nafasi ya kujua.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie jirani wa kukugongea mlango Jumamosi mji ukiwa mtupu. Akulinde na baridi ya ziwa na baridi ya watu. Na kila urudipo Kishanda, mama yako akupe kisu, akuambie ukae chini umenye naye ndizi.