Malimbuko ya Waya

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wa kaka yangu Methusela uliponza mikono ya mama. Naanza hapo makusudi, maana watu wakisimulia habari zake siku hizi husema tu, "Yule ndiye mtu wa kwanza wa kwetu Kikombo kugonga simu," kana kwamba aliamka asubuhi akakuta kazi inamngoja mlangoni. Ebo! Waulizeni waliokuwapo. Mimi Dorkasi nilikuwapo, tena nikiwa na pete ya waya mdomoni.

Ilikuwa enzi za Wadachi, ndio Wajerumani, mwaka mmoja baada ya reli kufika Dodoma. Methusela alikuwa amemaliza shule ya misheni. Alijua kusoma, kuandika mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu wake, hesabu, na Kiswahili cha maofisini ambacho mama hakukijua hata salamu yake. Wenzake walirudi kuchunga ng'ombe. Yeye alirudi na kazi tatu kichwani, zote kazi za maneno, akaja kuziweka mbele ya mama aliyekuwa anasaga uwele.

"Ya kwanza, mama, mchungaji ananitaka niwe mwalimu."

"Inaweka nini mkononi?"

"Heshima."

"Heshima haivaliwi. Ya pili?"

"Kuna mashine ya misheni huko pwani inayochapa gazeti. Wanataka kijana wa kupanga herufi."

"Inaweka nini mkononi?"

"Karatasi."

"Karatasi hata mbuzi anakula. Ya tatu?"

"Simu, pale stesheni ya Dodoma. Unagonga, na maneno yanakwenda kwenye waya."

Mama aliacha kusaga. "Waya?" akauliza.

Nyinyi hamuwajui wanawake wa wakati ule. Mwanamke mwenye bangili za waya wa shaba kutoka kifundo mpaka kiwiko akifika kisimani, wengine walimpisha achote kwanza. Mama alikuwa nazo zamani. Baba alipofariki alizivua zote, maana ndiyo desturi yetu, mfiwa hakai na mapambo. Matanga yalipokwisha hakuwa na kitu cha kununulia nyingine. Miaka sita alikwenda kisimani mikono mitupu, na wenye bangili wakachota mbele yake.

"Waya mwingi?" mama akauliza tena.

Na hapo kaka yangu, kwa ule ujana wake na viatu vyake vya misheni, akavimba kifua. "Mama, ule waya wote unaouona kwenye nguzo, kutoka Dodoma mpaka baharini, utapita mkononi mwangu. Ule ni wangu ule!"

Basi. Kazi ikachaguliwa, na mchungaji wa watu akaambiwa atafute mwalimu mwingine.

Alijifunza mwaka mzima chini ya Bwana Bashiri, Mrangi kutoka Kondoa, karani wa simu mwenye sauti ya upole na kazi kali. Alimfundisha kupanda nguzo, kuunga waya uliokatika, kugonga bila kuangalia vidole, na kusikia milio akaiandika papo hapo, hata kama ni Kijerumani asichokielewa. "Ukikosea herufi moja tu," Bwana Bashiri alimwambia, "mtu aliye hai ataliliwa matanga huko Tabora." Mwisho akaja Mkaguzi wa simu, Mdachi mrefu, akamtahini siku mbili. Akarudi pwani, akasema majibu yatakuja kwa simu yenyewe.

Methusela akatuma salamu kwa mpita njia: "Mwambieni mama nimemaliza. Nangoja jibu tu." Sisi nyumbani tulisikia "nimemaliza." Hilo lingine nani alilisikia?

Kwetu kijana akiua paa wake wa kwanza, kidari ni cha mama. Akivuna shamba lake la kwanza, kapu la kwanza ni la mama. Hayo ni malimbuko, na mama asipoyapata, kazi ya mtoto haishiki. Mjomba Matonya, kaka yake mama, akasema, "Mtoto amemaliza, na waya wake huu hapa unatupita juu ya vichwa. Mnangoja nini?"

Hatukuiba! Mwizi huenda usiku. Sisi tulikwenda jua limepanda, wanawake wakipiga ngoma zetu za muheme, mjomba mbele na shoka lake. Gari moshi la mizigo lilipita, tukalipungia mkono, na dereva naye akatupungia. Mjomba alipanda nguzo, akakata, akaenda akapanda nyingine, akakata. Mwisho wa waya ulipoanguka, mimi ndiye niliyeudaka. Nilikuwa na furaha, haki ya Mungu, sijapata kuwa nayo tena.

Mhunzi wetu Nikodemo aliufanyia kazi kutwa nzima. Alimzungushia mama bangili mikono yote miwili, akazigonga zikabana, zisivulike kwa mkono. Kipande kilichobaki akanifanyia pete. Mama akaenda kisimani, na nilikuwa nyuma yake nikaona kwa macho yangu walivyompisha.

Siku ya tatu, pombe ikiwa bado ipo kwenye vibuyu, Methusela akatokea njia ya relini. Alikuwa na bunda la waya begani, na kisanduku cha mbao kifuani. Mama akamkimbilia, ameinua mikono, anapiga vigelegele. "Mwanangu! Tazama malimbuko yako!"

Kaka alisimama. Nilidhani ameumwa na nyoka. Rangi ikamtoka mpaka midomo ikawa majivu. Bunda la waya likamdondoka mguuni na wala hakulisikia. Akakaa chini, kwenye mavumbi, na suruali yake ya stesheni.

"Mama," akasema, "jibu langu lilikuwa linapita humo."

Mama akaitazama mikono yake. Kisha akauinua mkono wa kulia, akaweka bangili sikioni, akasikiliza. "Humu halimo," akasema. "Labda la kushoto."

Hakuna aliyecheka, maana kaka alikuwa analia. Ndipo akatueleza. Siku tatu simu imekufa kutoka Dodoma kwenda pwani. Stesheni kuna tangazo limebandikwa ukutani: atakayekutwa na waya wa simu, mwanamume ni viboko ishirini na tano na mnyororo, mwanamke ni mnyororo. Mnyororo shingoni, ukavunje mawe ya reli mpaka watakaposema basi. Nilimtazama mama na shingo yake nyembamba.

"Ulisema ni wako," mama akamwambia.

"Nilisema tu, mama."

"Ulisema ni wako, au masikio yangu yamezeeka?"

"Nilijisifu."

Jamani, sijapata kuona mtu akipigwa na neno namna ile. Mama hakukasirika. Alishangaa tu, akamtazama mwanawe kama mgeni aliyekosea nyumba.

Methusela akainuka, akaenda kuunga. Nilimfuata. Alipanda nguzo ya kwanza akapanda ya pili, akauvuta waya mpya, akaufunga kwenye vile vikombe vyeupe vya juu ya nguzo. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea. Kisha akafungua kile kisanduku, akakiunganisha na waya, na kikaanza kulia chenyewe, ti-ti-taa, ti-ti. Akasikiliza huku anaandika kwa kidole mchangani.

"Wanasema nini, kaka?"

"Nimefaulu. Natakiwa pwani, kwenye simu kuu."

Nilipiga kigelegele nikakikata katikati, maana kisanduku kilikuwa kinalia tena. Safari hii ni Bwana Bashiri kutoka Dodoma. Kaka alimjulisha kwamba ameunga na bunda lote limekwisha, naye akauliza sababu ya waya kukatika. Kaka akaweka kidole juu ya kidude cha kugonga, akatazama upande wa nyumbani. Mwisho akagonga neno fupi.

"Umemwambia nini?"

"Twiga."

Si vibaya, nikawaza. Twiga kweli hukata waya kwa shingo zao, kila mtu anajua. Lakini jibu la Bwana Bashiri lilirudi upesi, na kaka alinisomea kwa sauti iliyokauka: "Twiga hali waya. Umemaliza bunda zima, la hatua mia. Mkaguzi yuko njiani kuja Kikombo, anafika kesho na askari. Mungu akusaidie."

Loo! Tulirudi mbio. Mjomba Matonya alishatoroka kwenda Hombolo kwa shemeji zake, yeye na shoka lake. Akabaki mama, na mikono imebanwa.

"Nikodemo azikate, mama. Sasa hivi."

"Malimbuko hayarudishwi," mama akasema. "Nikiyarudisha, kazi yako inakufa."

"Usipoyarudisha unakufa wewe!"

Mama akakaa kwenye kigoda, akaweka mkono wa kwanza juu ya jiwe la mhunzi, akageuza uso pembeni. Nikodemo alikata moja moja kwa patasi yake butu, na ngozi ilikuwa inakwenda pamoja na shaba. Mama hakulia. Alikuwa anazihesabu tu kwa sauti ndogo, kama anaagana nazo. Tulivifukia vipande vyote zizini, chini ya mavi ya ng'ombe. Pete yangu mimi sikuitoa. Niseme uongo wa nini sasa hivi? Nilikuwa msichana, niliipenda.

Asubuhi Mkaguzi akafika na askari wanne. Aliamuru wanawake wote tujipange nje ya tembe, tuinue mikono juu. Kaka yangu alisimama kando yake, kwa sababu Mkaguzi alijua Kiswahili lakini Kigogo hakukijua, na mtu aliyefaulu simu ndiye aliyekuwa mkalimani. Mimi niliitia pete mdomoni, chini ya ulimi.

Akapita. Mikono ya huyu, mikono ya yule. Akafika kwa mama. Akasimama.

Mikono ya mama ilikuwa imevimba kutoka kifundo mpaka kiwiko, michubuko mibichi imezunguka pete kwa pete, na damu haijakauka vizuri. Kipofu angejua.

"Muulize huyu mama," Mkaguzi akasema, asijue kwamba ndiye mama wa mkalimani wake, "bangili zake ziko wapi?"

Methusela akamuuliza mama kwa Kigogo. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto anayeomba maji. Mama akamtazama, si Mkaguzi, yeye, machoni kabisa. Akasema, "Mwambie nimezivua. Nimefiwa na mwanangu wa kiume."

Mama yangu wee! Nani amewahi kusikia mzazi akimtamkia mtoto wake kifo, tena uso kwa uso, mchana? Nilishtuka nikameza. Pete ikapita kooni, ikaniumiza machozi yakanitoka. Wanawake waliokuwa kando yangu waliguna wote pamoja, na mmoja akaanguka chini. Hakuna aliyekuwa anaigiza.

Askari mmoja akamsukuma kaka. "Tafsiri."

Methusela akamgeukia Mkaguzi. "Anasema amevua bangili kwa desturi, Bwana. Amefiwa na mwanawe wa kiume."

Hakukosea herufi hata moja.

Mkaguzi alivua kofia. Akasema pole, akaenda kwa aliyefuata. Lakini hakuwa mjinga yule Mdachi. Alipiga hema kando ya reli siku mbili, na mlangoni kwetu akamwacha askari, Shaaban jina lake, aone kama kweli kuna msiba. Basi ikabidi uwepo. Mama alinyolewa nywele. Majirani walikuja na unga, wakakaa, wakalia. Siku ya kwanza wengine walikuwa wanajifunika khanga kuficha kicheko. Siku ya pili hakucheka mtu, maana mama alikuwa analia kwelikweli, anamtaja kwa jina la utotoni, na ukisikia mama analia hivyo hata kama unajua utalia. Methusela alikaa upande wa wanaume, kichwa chini, akila chakula cha matanga yake mwenyewe. Shaaban akamshika mkono akamwambia, "Pole kwa msiba, ndugu." Akajibu, "Imekwisha kupoa."

Siku ya tatu Mkaguzi akaondoka na askari wake, na Methusela akapanda gari moshi kwenda pwani. Mama hakumsindikiza, mfiwa hatoki.

Ilipita miaka mitatu. Akarudi siku moja ana kofia nzuri, na mfuko wa bangili za shaba alizonunua dukani, halali, kwa mshahara wa simu. Akapiga magoti, akaziweka miguuni pa mama. Mama akachukua moja, akaiweka sikioni, akasikiliza kama siku ile. Akatabasamu. Kisha akanipa mimi mfuko mzima.

"Zivae wewe, Dorkasi."

"Mama, hizi ni zako!" kaka akasema. "Mambo yale yamekwisha. Mimi mzima, nitazame!"

"Nakutazama," mama akasema. "Nilikutamkia kifo kwa mdomo wangu, mwanangu, na wewe ukakirudia kwa wako. Nikivaa bangili, msiba wangu umekwisha, na kile kifo kitajua kwamba hakikuwa na mtu. Kitakutafuta."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila asubuhi alikwenda kisimani mikono mitupu, na wenye bangili walichota mbele yake.