Shimo Jeusi na Pumba za Pito

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikatoka Mwimbi na gunia moja la maharage, na leo mashine ya kukoboa na kusaga pale Pito ni yangu. Kwa hiyo binti yangu, anayefundisha fizikia sekondari huko Kaengesa, alipokuja likizo akasema katikati ya kila galaksi kubwa, yaani kundi la nyota zisizohesabika, kuna shimo jeusi zito kama mamilioni ya majua, nilimwambia aniongezee chai.

"Linakula chochote kinachosogea karibu, baba. Hata mwanga hautoki."

"Basi lina akili."

"Na linakua pamoja na galaksi yake. Likinenepa lenyewe, utakuta na galaksi imenenepa."

Nikamweleza kwamba hao wataalamu wangekuja kwangu mapema wangeokoa muda. Siku nilipokuja kufunga mashine hii, pale palikuwa na njia panda na mbuzi tu. Akaja mama wa maandazi, akaja wa saluni, akaja fundi baiskeli. Wamekua, nimekua. Binti akauliza nani alianza kumkuza mwenzake. Nikasema mimi. Akasema huko kwenye nyota bado wanabishana. Nikasema waniulize.

Mwezi huo nilikuwa nimetangaza kwamba pumba zinabaki mashineni. Kwetu ukikoboa mahindi, pumba ni zako, za nguruwe wako. Lakini na mimi nilikuwa nimenunua nguruwe kumi na wawili.

Wanawake kwenye foleni hawakunyamaza.

"Shikamoo mzee. Na debe langu utabaki nalo?"

"Mwache, dada, labda pumba anakula mwenyewe."

Nilicheka. Wiki ya pili foleni ilikuwa ya watu watatu. Wengine walipitiliza mpaka mjini, mahindi kichwani. Mama wa maandazi akahamisha jiko. Saluni ikafungwa. Nikabaki na mashine nzima, nguruwe kumi na wawili, na pumba za watu watatu.

Binti yangu alisimama mlangoni akaangalia.

"Shimo likila kwa pupa, baba, linapuliza upepo mkali. Gesi inafukuzwa, nyota mpya hazizaliwi. Halafu na lenyewe linakosa chakula."

"Sasa linafanyaje?"

"Linakaa tu. Gesi ikirudi, linakula tena."

Nikakaa siku nne. Gesi haikurudi. Siku ya tano nilimfuata mama wa maandazi kwenye jiko lake jipya, nikapanga mstari kama mteja.

"Pumba ni zenu," nikasema.

Akageuza andazi. "Tumesikia. Na zile ulizokwisha kula?"

Watu wote pale wakaacha kutafuna. Tukapatana hapo hapo: nirudishe kila kiroba cha pumba, na nisage bure siku tatu. Pumba zao nguruwe walishazimaliza, nikanunua nyingine mjini, bora kuliko zao, kwa bei ya mjini. Ukijumlisha na umeme wa zile siku tatu, ilikuwa shilingi laki tatu na elfu sabini na nne na mia tano.