Chetezo Msituni

Binti yangu akiwasha kaa la udi hapa mtaani kwetu Al Khoudh, ile harufu kali ya mwanzo, kabla udi wenyewe haujatiwa, hunirudisha kwenye kibanda cha mbao katika misitu ya California, zama baba alipokuwa akisoma huko.

Miti ilikuwa na magome mekundu, minene kama vyumba, na vilele vyake vilipotelea ukunguni. Ukungu huo huo ulikuwa umezilowesha kuni zetu zote. Baba alipiga magoti mbele ya jiko la chuma, akachoma karatasi baada ya karatasi. Moshi ulitujaa machoni, moto hakuna. Meno yangu yalikuwa yakigongana.

Mama alikuwa amenuna tangu asubuhi, kwa sababu baba alimcheka alipomwona anatia chetezo, kile cha kufukizia udi, kwenye begi. "Tunakwenda msituni, mke wangu, si harusini."

"Nipishe, bwana," alisema sasa. "Mimi nna makaa."

Akayawasha makaa yake ya udi, yale yanayoshika kwa kiberiti kimoja, akayapanga chini ya vijiti, akaniambia, "Puliza, mwanangu. Taratibu." Nikapuliza. Kuni zikafuka, zikalia, kisha zikashika, na kibanda kizima kikawa chekundu. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Mama akachukua kaa moja, akaliweka kwenye chetezo, akatia udi. Baba akainuka, akafungua koti lake, akasimama juu ya chetezo, moshi wa udi umwingie nguoni kama bwana harusi.